Kila Mtu Amemwota Makhanu

Mwaka ulikuwa unaelekea kutimia tangu Makhanu azikwe nyumbani kwake Musanda, na karibu kila aliyemfahamu alikuwa amekwisha kumwota. Mke wake Jescah peke yake ndiye aliyekuwa bado.

Wa kwanza alikuwa Ochieng, fundi wa mabomba kule Kakamega mjini. Alipiga simu asubuhi, sauti yake bado imelala, akasema, "Mama, nimeona Injinia. Alikuwa ameinama kwa mfereji ya kwangu na spana. Akaniambia, 'Ochieng, hii umekaza sana. Bomba ni kama mtu, iachie nafasi ya kupumua.'"

Jescah alicheka, akamshukuru, akakata simu. Maneno yalikuwa ya Makhanu mwenyewe, hakuna wa kuyabishia. Alipostaafu jeshini alichukuliwa kuangalia maji ya mji, na miaka yote hiyo alitembea na spana katika mfuko wa nyuma, akiwekelea mabomba sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akisikia neno, hupiga magoti pale pale barabarani, suruali ya pasi na yote, huku wauza mitumba wakimpigia kelele kwamba anawafungia njia.

Wa pili alikuwa Kiprono, mwanajeshi mwenzake wa zamani, ambaye siku hizi analima mahindi karibu na Kapsabet. Yeye hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na mkungu wa ndizi begani, akaketi, akanywa chai kikombe kizima kabla ya kusema lolote. Kisha akasema alikuwa amerudi Sierra Leone usingizini. Huko ndiko walikotumwa pamoja na kikosi cha wahandisi, kwenda kuunganisha madaraja ya chuma mahali ambapo vita vilikuwa vimeyala yale ya zamani. Katika ndoto ya Kiprono daraja lilikuwa limekamilika, refu hata ng'ambo yake haikuonekana kwa ukungu, na Makhanu alikuwa juu yake peke yake. Alipofika katikati alianza kuruka-ruka kama mtoto aliyenunuliwa kitanda kipya.

"Lakini si ndivyo alikuwanga?" Kiprono akasema. "Hakuna gari ingepita kabla yeye hajaruka. Maofisa wa nchi zingine walimcheka, wakamwambia hesabu imeshasema daraja iko sawa. Akawaambia, hesabu ni kweli, lakini hesabu haina bibi na watoto."

Jescah alimpa Kiprono ndoo ya mahindi mabichi aende nayo, ingawa anayelima mahindi ni Kiprono. Mtu aliyekuletea habari za mumeo humwachi aondoke mikono mitupu.

Awinja, binti yao mkubwa, aliyeolewa Nakuru, alimwota akimsuka nywele. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwaka Jescah aliokuwa chuoni akisomea ualimu wa chekechea, Makhanu alikuwa likizo, na asubuhi za shule kichwa cha Awinja kilikuwa mikononi mwake. Alichukua ule uzi wa fundi wa kunyooshea ukuta, akaukaza kutoka paji la uso mpaka kisogo, akagawa nywele kwa mistari iliyonyooka hata mwalimu mkuu akamwita mtoto mbele ya darasa watu waone. Awinja alisema ndotoni vidole vya baba yake vilinukia grisi na mafuta ya nazi, na kwamba aliamka kichwa kikiwa kinamuuma kama mtu aliyesukwa kweli.

Mpaka hapo Jescah alivumilia. Lakini siku mama mmoja muuza ndizi wa sokoni Shianda, ambaye hata jina lake Jescah hakulijua, alipomshika mkono na kumwambia kwamba mzee alikuja usingizini akamsalimia vizuri sana na kuulizia bei, alihisi moto ukimpanda kifuani. Wivu ni wivu. Alipokuwa hai Makhanu hakuwa mtembezi. Sasa amekufa, hakuna nyumba asiyobisha hodi ila ya mkewe.

Na haikuwa kwamba Jescah hakumngojea. Nyumba yenyewe ilikuwa imejaa mtu yule. Dirisha la jikoni alilikata yeye juu zaidi ya madirisha mengine ili moshi utoke bila kumtoa mkewe machozi. Tangi la maji ya mvua alilijenga yeye, na kila alasiri mvua ya Musanda ilipoanza kudondoka juu ya mabati, Jescah alisikia maji yakikimbia ndani ya mifereji aliyoiinamisha mume wake kwa jicho lake mwenyewe. Usingizi wa saa hizo ulikuwa mtamu. Miwa ilikuwa imetoa maua, mashamba yote yamekuwa meupe juu na kijani chini, na kutoka kwa watu wanaopika sukari nguru ng'ambo ya barabara harufu ilikuja nzito hata ulimi ukahisi utamu. Jescah alijilaza kwenye kochi, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Haya, njoo."

Alikuja mbuzi. Siku nyingine alikuja msichana mmoja waliyekuwa wakigombana shuleni, akamwomba chumvi. Siku moja aliota anatembea Kakamega mjini, barabara zote hazina watu, na kila duka aliloingia mwenye duka alimwambia, "Hujakutana na yeye? Ametoka sasa hivi." Akatoka mbio. Duka lililofuata, neno ni lile lile. Aliamka, akakaa pale akikasirika na maiti.

Yangekuwa ya wivu tu, yangepita. Lakini nyumbani kulikuwa na mtoto.

Elvis, kitinda mimba wa Makhanu, alikuwa amepata mtoto wa kwanza na mke wake Kemunto, msichana wa Kisii anayeuza dawa katika duka la dawa mjini. Kemunto alikuja Musanda kulelewa na mama mkwe siku zake za uzazi, huku Elvis akibaki kazini Kakamega na kuja mwisho wa wiki. Mtoto alikuwa mvulana, mnene, mwenye afya, asiye na homa wala tumbo la kusokota. Ila kila jioni, kuku wakiingia bandani, alianza kulia. Alilia kama mtu mzima aliyedhulumiwa. Kemunto, pamoja na dawa zote anazozijua, alimpima, akampaka, akambeba mgongoni akazunguka naye boma lote, wapi.

Aliyesema neno alikuwa Dorothy, dada yake Makhanu. Dorothy alikuwa mjane wa siku nyingi aliyerudi kwao baada ya kufiwa, mrefu, mkavu, anaishi mwendo mfupi kutoka hapo, na watoto wote wa ukoo walimwita Senje, yaani shangazi, kwa sauti ya woga. Jumapili alisimama mbele ya kwaya ya akina mama akaimba kwamba yote yamemalizwa msalabani. Jumatatu aliuliza nani ameotwa. Wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

"Huyu mtoto si mgonjwa," akamwambia Kemunto. "Huyu anaitisha jina. Iko mzee anataka kurudi, na nyinyi mmemfungia nje."

Akamweleza, kwa kuwa msichana ni mgeni. Mtu wa ukoo akitaka jina lake lirudi, humjia mtu wa nyumba ile ile usingizini, akajionyesha. Jina lake likitiwa katika sikio la mtoto, kilio hukoma. Ndoto ya Awinja haihesabiki, kwa sababu binti akiolewa ndoto zake ni za kule alikoolewa. Kiprono na Ochieng ni watu wa mbali. Elvis hulala kama gogo, tangu utotoni hajawahi kuota hata nyoka. Kemunto mwenyewe hapati usingizi wa kuotea. Ndugu yao Khisa, kazi yake ni kuuliza, si kuota. Waliobaki ni wawili tu, Dorothy, aliyekwisha kurudi kwao, na Jescah.

"Na mimi nimeshaota," Dorothy akasema. "Nimemwota Barasa."

Jescah alikaribia kudondosha sufuria. Barasa alikuwa baba mdogo wa kina Makhanu, amekufa zamani, na sifa yake kubwa duniani ni kwamba aliiba kengele ya kanisa akaiuza kama chuma chakavu, akanywa pombe mpaka kengele ikaisha. Makhanu alikuwa akisema kwamba ukoo mzima unadaiwa na Mungu mlio wa kila Jumapili.

"Alisimama kwa mlango, kofia mkononi," Dorothy akaendelea bila kutikisika. "Anasema amechoka kukaa nje kwa baridi. Mimi sipendi vile alikuwa, lakini yeye ndiye amekuja. Jumamosi tutakaa, Khisa amwite kwa hilo jina."

"Mulamwa, si tungoje kidogo?" Jescah akasema. Walikuwa wakiitana mulamwa, shemeji, tangu usichana wao. "Makhanu anaweza kuja."

Dorothy alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukuwa na mlango. "Mama Awinja, mtu amezunguka mpaka kwa muuza ndizi. Akikataa kuja kwa bibi yake, iko sababu. Ukae chini ujiulize."

Neno lile lilimwingia Jescah kama mwiba wa muwa, ule usioonekana lakini kila ukigusa unachoma. Siku zote zilizobaki mpaka Jumamosi alijiuliza. Alipitia ndoa yake yote, chumba kwa chumba, kutafuta alipokosea.

Alimkumbuka kijana aliyekuja kwao kuposa, amevaa sare mpya ya jeshi inayomkwaruza shingo. Kabla hajatamka lililomleta, alimwambia baba yake Jescah, kwa heshima zote, kwamba choo chake kimechimbwa upande wa juu wa kisima na familia nzima itaugua. Wajomba walitaka kumfukuza. Baba yake akacheka, akasema huyu atamlinda binti yangu, na choo kikahamishwa mwezi ule ule. Alimkumbuka akirudi kutoka Namibia amekonda, hasemi ya huko, ila usiku anaamka kuhesabu watoto vitandani. Watoto aliwafunza kama yeye alivyofunzwa jeshini, kwa kugonga kijiko kwenye kikombe alfajiri na kukagua vitanda, lakini mtoto akiugua ni yeye aliyelala sakafuni karibu naye, si mama. Kutoka Sierra Leone hakuleta dhahabu wala redio. Alileta kiti kidogo cha mbao za masanduku ya risasi, alichomtengenezea Elvis, na herufi za jeshi bado zinasomeka kwenye egemeo. Mwishoni kabisa alikufa ameketi barazani akingoja chai. Jescah alitoka na kikombe akamkuta hayupo tena. Wanajeshi wastaafu walikuja na bereti zao zilizopauka, wakasimama kwenye matope kando ya kaburi, wakampigia saluti wakilia bila kujifuta.

Alitafuta ugomvi mkubwa kati yao, hakuuona. Waligombana, ndiyo, juu ya chumvi, juu ya Elvis kuacha masomo ya kuendesha trekta, juu ya viatu vyake vya tope sebuleni. Mtu hakatai kuja kwa mkewe kwa ajili ya viatu.

Ijumaa alasiri, mvua ikipiga mabati, Kemunto alimletea uji. Mtoto alikuwa amelala kidogo. Kemunto akaketi kwenye mkeka, akasema taratibu, "Mama, mimi sitaki jina la mwizi wa kengele. Si useme tu umemwota? Nani atajua?"

"Mtoto atajua," Jescah akasema upesi. "Jina la uongo halishiki. Anakuanga mtoto wa kuugua kila siku, hajulikani ni wa nani. Nimeona kwa macho yangu."

Na aliamini. Hakuwa akimtisha msichana. Kama angedanganya na mtoto akaharibika, angekuwa amempoteza mjukuu kwa sababu ya kiburi chake, ili tu aseme na yeye alijiwa. Alikunywa uji, akalala tena, akiomba kwa Mungu na kwa Makhanu pamoja, akichanganya majina. Hakuota kitu. Usingizi wenyewe ulikuwa mweupe tu, mpana, wenye harufu ya sukari nguru.

Jumamosi watu wakakusanyika. Khisa, ndugu mdogo wa Makhanu aliyekuwa sasa mkubwa wa nyumba, alikuja na fimbo na koti lake la mazishi na sherehe. Awinja alitoka Nakuru na mapema. Elvis alichinja jogoo, na baada ya obusuma, ule ugali wa kwao, na ingokho, yaani kuku mwenyewe, na mchuzi uliowafanya watu walambe vidole bila aibu, vyombo vikaondolewa na mlango ukaachwa wazi kama inavyotakiwa. Ilikuwa jioni ya mapema. Mvua ilikuwa imekatika, na jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sebule likiwa la rangi ya chai isiyo na maziwa. Mtoto alianza kulia pale pale, kama mtu anayejua saa yake.

Khisa alimpokea, akamweka magotini. Ilibidi aongee kwa nguvu kushinda kilio. "Tumesikia Dorothy amemwona nani. Kabla sijaita, nauliza kama inavyoulizwanga. Kuna mwingine wa hii nyumba ameona mtu?"

Kemunto alitazama sakafu. Elvis alitazama mikono yake. Jescah alikuwa amekwisha kulipanga jibu lake tangu asubuhi. Lilikuwa neno moja, hapana, nalo lilikuwa tayari mdomoni.

"Mimi," akasema. "Nimemwota Makhanu. Jana, mvua ikinyesha."

Alidanganya, Mungu amrehemu. Alidanganya mbele ya wanawe na mbele ya shemeji zake. Dorothy aliinua kichwa.

"Sema," Khisa akamwambia.

Jescah alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka. Kilichotoka hakukitafuta.

"Mvua ilikuwa imenyesha siku mingi. Mto wetu hapa chini ilikuwa imejaa, ikabeba yale magogo ya kuvukia. Mimi nilikuwa mzito, na uchungu umeanza, na zahanati ni ng'ambo. Makhanu alikuwa likizo. Akasimama akaangalia mto, akaniangalia mimi. Akarudi kwa nyumba, nikasikia nyundo. Nikafikiri huyu amekuwa wazimu. Akatoka na mlango ya mbele mgongoni. Akarudi, akatoka na ya nyuma. Akarudi tena akaleta ya jikoni."

"Milango?" Elvis akauliza. Alikuwa amesahau kwamba ni ndoto anayosimuliwa. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kusikia habari hii.

"Milango yote. Akaifunga na kamba za kukokotea miwa, mwisho wa kamba akafunga kwa mti. Akaniambia, 'Jescah, jeshi wamenifundisha daraja ya chuma. Ya milango wacha nijifundishe.' Halafu akavuka na mimi. Lakini hakunibeba. Alitembea kinyumenyume, amenishika mikono mbili, maji inapita juu ya miguu yetu, na yeye haangalii mto, haangalii penye anakanyaga. Ananiangalia mimi tu. Anasema, 'Njoo. Njoo. Mguu wa kulia. Njoo.' Mimi nikageuza macho kidogo nikaona nyumba yetu huko juu, imebaki wazi kama mdomo, na ng'ombe imeingia mpaka kwa chumba ya kulala. Ng'ombe nyeusi. Imetoa kichwa kwa dirisha, inatafuna, inatuangalia. Nikacheka. Katikati ya mto, na uchungu umenishika, nilicheka mpaka akaogopa nitaanguka. Halafu na yeye akaiona, akaanza kucheka."

Awinja alikuwa anacheka na kulia pamoja. Khisa alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. Jescah aliwaona wote, na wakati huo huo alimwona Makhanu, kijana, nguo zimemgandia mwilini, meno meupe kwenye mvua, akimvuta kwa ncha za vidole. Mwaka mzima alikuwa akimwita aje kutoka nje, na kumbe hakuwa nje. Alimpenda mtu yule kiasi kwamba hata sasa, mjane wa nywele nyeupe, alitamani tu arudishwe juu ya milango ile aendelee kuvuka.

"Halafu?" Khisa akauliza.

"Halafu nikaamka."

Hakuamka, kwa sababu hakuwa amelala. Siku ile ilikuwa siku ya kweli, ya ujana wao, kabla ya Awinja na kabla ya Elvis. Na hakusema ya ng'ambo kwa sababu ya ng'ambo hayasemwi. Walifika zahanati. Mtoto alizaliwa, mvulana, naye hakulia. Kwa desturi ya kwao mtoto aliyezaliwa kimya huchukuliwa upesi na wanawake, mama asimwone wala asimshike, baba asiulize, na jina lisitajwe kwa kuwa hana. Makhanu alirudi nyumbani na milango yake. Ilikuwa imelowa na kuvimba, haikuingia tena kwenye fremu. Alikaa uani siku kadhaa akiipiga randa, hasemi na mtu, mpaka ikakubali kufunga. Tangu hapo hawakuligusa jambo lile, yeye na mkewe, mpaka akafa.

Watu watatu tu ndio waliokuwepo kwenye mto ule. Wawili walivuka. Wa tatu alikuwa msichana wa nyumbani, bado hajaolewa, aliyeshika kamba upande wa huku akipiga kelele kwamba kaka yake anaibomoa nyumba ya watu. Jescah alikuwa amemsahau kabisa. Alimkumbuka sasa, akageuka polepole, na kumkuta Dorothy anamtazama bila kupepesa.

Neno moja la Dorothy lingetosha. Hiyo si ndoto, hiyo ni siku fulani, nilikuwepo. Mtoto angepewa jina la Barasa, na Jescah angekuwa mwanamke aliyemtumia marehemu kusema uongo mbele ya watoto wake. Asingeweza kuinua uso tena katika ukoo ule.

Sebule ilikuwa kimya. Ilichukua muda watu kutambua kwamba ilikuwa kimya kabisa. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hakuna aliyejua ni saa ngapi alinyamaza. Alikuwa magotini pa Khisa, macho wazi, ananyonya ngumi yake.

"Hiyo ng'ombe haikuwa nyeusi," Dorothy akasema.

Wote wakamgeukia.

"Ilikuwa nyekundu."

Khisa alikunja uso. "Dorothy, ndoto ni ya mwenyewe. Wewe rangi ya ng'ombe umejuaje?"

"Nimesema ilikuwa nyekundu," Dorothy akajibu, na sauti yake ilikuwa ile ya kwaya, isiyobishiwa. "Mlete huyo mtoto."

Khisa, ambaye alikuwa amezeeka vya kutosha kujua mahali pa kuacha maswali, akamkabidhi. Dorothy alimwinua mtoto mpaka usoni pake, akaweka mdomo sikioni, akatamka, "Makhanu." Akarudia, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, hata waliokuwa uani. Awinja akapiga kigelegele. Kemunto akajifunika uso kwa leso. Elvis akatoka nje haraka kama mtu aliyekumbuka kufunga ng'ombe, na watu wakamwacha, kwa maana walijua hakuna ng'ombe wa kufungwa. Barasa na kengele yake, hakuna aliyemkumbuka tena.

Chai ikaletwa, maneno yakaanza kupaa, Khisa akaanza kusimulia jinsi Makhanu alivyomfundisha kuogelea kwa kumsukuma mtoni. Katika kelele hizo Dorothy alikuja akaketi kwenye kochi karibu na Jescah, mtoto amelala kifuani pake. Mkono wake mkavu ulikuwa ukimpapasa mtoto mgongo.

"Alifanana na yeye," akasema mwishowe, polepole, ili watu wasisikie.

"Huyu? Eeh, hata mimi naona. Hiyo paji la uso."

"Si huyu, mulamwa."

Kikombe cha Jescah kikasimama nusu ya njia. Miaka zaidi ya arobaini hakuna mtu aliyekuwa amemtaja yule mwingine mbele yake.

"Nilivuka nyuma yenu na nguo," Dorothy akasema. "Wale wanawake waliniambia nisikuambie kitu, nikanyamaza. Mimi ndiye nilimwosha."

Jescah aliweka kikombe chini. Alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana, akamshika kiganja kwa mikono yake miwili, na nje mvua ikaanza upya juu ya miwa.

"Niambie," akasema. "Alikuwaje? Niambie yote."